Pua Fupi, Tumbo Lisilotulia: Uchambuzi wa Maradhi ya Mmeng'enyo kwa Mbwa wa Aina ya Buldogi

Malalamiko ya watu wanaofuga buldogi yanafanana mno, iwe mbwa mwenyewe ni wa aina ya Kiingereza, mwenye kifua kipana na miguu mifupi, au wa aina ya Kifaransa, mdogo zaidi na mwenye masikio yaliyosimama: mbwa hucheua povu jeupe baada ya kula au kunywa maji, hutoa ushuzi wenye harufu kali mchana kutwa, kinyesi chake huwa laini leo na chenye ute kesho, na tumbo lake husikika likinguruma usiku. Yanafanana pia majibu yanayotolewa na wauzaji, na mara nyingine hata na wataalamu, kwamba hivyo ndivyo buldogi walivyoumbwa na hakuna la kufanya. Uchambuzi huu unashikilia msimamo tofauti. Dalili hizo ni za maradhi, maradhi hayo yana sababu zinazojulikana, na sehemu kubwa ya sababu hizo imo puani na kooni, mahali ambapo mtu anayetibu tumbo peke yake hapaangalii kabisa.

Umbo la buldogi wa leo halikutokana na mazingira ya asili. Nchini Uingereza mababu zake walitumiwa katika mchezo wa kumshambulia fahali aliyefungwa kamba, mchezo uliopigwa marufuku na sheria ya mwaka 1835 dhidi ya ukatili kwa wanyama. Kazi hiyo ilipokwisha, mbwa hao waliingia katika maonyesho. Kennel Club, chama kinachosajili mbwa wa nasaba nchini humo, kilianzishwa mwaka 1873, klabu ya wapenzi wa buldogi ikafuata mwaka 1875, na tangu hapo wazalishaji wakawa wanachagua, kizazi baada ya kizazi, mbwa wenye uso mfupi zaidi, kichwa kikubwa zaidi na mikunjo mingi zaidi. Buldogi wa Kifaransa naye alitokana na mbwa wadogo ambao mafundi wa kufuma lesi waliohama Nottingham katika karne ya 19 walikwenda nao Normandy, na umaarufu wake umekua kiasi kwamba katika takwimu za usajili za mwaka 2022 chama cha American Kennel Club kilimtaja kuwa mbwa anayesajiliwa kwa wingi kuliko wote Marekani, akimpiku labrado aliyeshika nafasi hiyo kwa miaka 31. Gharama ya uchaguzi huo iko ndani ya vinasaba. Mwaka 2016 Niels Pedersen na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha tathmini iliyoonyesha kwamba buldogi wa Kiingereza wamebakiwa na tofauti ndogo sana za kinasaba baina yao, hali inayofanya iwe vigumu kuirekebisha aina hiyo kwa kuchagua wazazi kutoka ndani yake pekee.

Istilahi ya msingi katika mjadala huu ni brakisefali, yaani hali ya fuvu kuwa fupi na pana. Ufupisho huo umeigusa mifupa kuliko ulivyozigusa nyama laini: taya la juu na mifupa ya pua vimefupika, ilhali ulimi, vinyama vya ndani ya pua, na kaakaa laini, ambalo ni pazia la nyama lililo nyuma ya kaakaa gumu, havikupungua kwa kiwango hicho. Nyama ileile ikabanwa katika nafasi ndogo, tundu za pua zikawa nyufa nyembamba, kaakaa laini likaning'inia hadi kwenye mlango wa zoloto, yaani kisanduku cha sauti, na kwa baadhi ya mbwa, hasa wa aina ya Kiingereza, bomba la hewa lenyewe likawa jembamba kuliko mwili unavyohitaji. Mkusanyiko wa kasoro hizo ndio unaoitwa sindromu ya kuziba kwa njia ya hewa ya brakisefali, na sauti ya kukoroma ambayo wengi huiona kuwa haiba ya buldogi ndiyo dalili yake ya kwanza kusikika.

Uhusiano kati ya njia hiyo ya hewa na tumbo unaeleweka pindi mtu anapokumbuka kwamba umio, mrija unaopeleka chakula tumboni, hupita ndani ya kifua kabla ya kupenya kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Mbwa anayelazimika kuvuta hewa kupitia tundu zilizoziba hupanua kifua chake kwa nguvu nyingi, na kila anapofanya hivyo shinikizo la ndani ya kifua hushuka kupita kawaida, hivyo vilivyomo tumboni hufyonzwa kuelekea juu kama dawa inavyofyonzwa na bomba la sindano mpini wake unapovutwa. Asidi ya tumbo huingia katika umio, ambao hauna utando wa kujikinga nayo, na kuuunguza. Kwa mbwa wengine nguvu hiyo huwa kubwa kiasi cha kuivuta sehemu ya juu ya tumbo lenyewe ipenye kiwambo na kuingia kifuani, kisha irudi, kisha ipande tena; hali hiyo huitwa ngiri ya kiwambo, na kwa kuwa huja na kuondoka, picha moja ya eksirei inaweza kuikosa kabisa.

Madhara hayo hujizungusha yenyewe. Asidi inayofika kooni huvimbisha zoloto na kaakaa, uvimbe huo huzidi kuibana njia ya hewa, mbwa huvuta pumzi kwa nguvu zaidi, na asidi hupanda zaidi. Zaidi ya hapo, buldogi anayepumulia mdomo huku akila humeza hewa nyingi pamoja na chakula, na hewa hiyo, ikiungana na gesi inayozalishwa na bakteria wa utumbo mpana, ndiyo chanzo kimojawapo cha ushuzi unaotaniwa sana na watu. Kasoro ya tatu iko upande wa pili wa tumbo: pilori, yaani mlango ambao chakula hutokea kuelekea utumbo mwembamba, mara nyingi huwa na kuta nene au utando uliojikunja, hivyo chakula huchelewa kutoka, tumbo hubaki limejaa kwa saa nyingi, na kinachokosa njia ya kushuka hutafuta njia ya kupanda.

Ushahidi wa jambo hili si mchache. Mwaka 2005 watafiti wa Ufaransa wakiongozwa na Cyrill Poncet walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mbwa 73 wenye pua fupi waliokuwa na matatizo ya kupumua, ambao walipitishiwa endoskopi, yaani mrija mwembamba wenye kamera, ndani ya umio na tumbo. Karibu wote walikutwa na kasoro au uvimbe katika mfumo wa chakula, wakiwemo wale ambao wenye nao hawakuwa wameona dalili yoyote ya tumbo. Mwaka 2018 uchunguzi mwingine, uliolinganisha aina tatu za mbwa waliofikishwa kwa tatizo la njia ya hewa, ulikuta dalili za tumbo kwa asilimia 93 ya buldogi wa Kifaransa, asilimia 58 ya buldogi wa Kiingereza, na asilimia 16 tu ya mapagi. Tofauti hiyo ina uzito wake, kwa sababu inaonyesha kwamba ufupi wa pua peke yake hauelezi kila kitu. Buldogi, na hasa wa Kifaransa, ana udhaifu wa ziada katika eneo la kiwambo na umio ambao pagi, ingawa uso wake ni mfupi vilevile, hana kwa kiwango hicho.

Kwa daktari wa mifugo, na kwa mwenye mbwa anayetaka kumsaidia daktari huyo, hatua ya kwanza ni kutenganisha kucheua na kutapika, kwa kuwa matendo haya mawili huonekana kuwa kitu kimoja huku yakiashiria maradhi yaliyo mahali tofauti. Mbwa anayetapika huonyesha dalili za kichefuchefu kwanza: hulamba midomo, hutokwa mate, hutembea huku na huku, kisha misuli ya tumbo hujikaza mara kadhaa kabla ya kitu kutoka, na kinachotoka huwa na nyongo ya rangi ya manjano au chakula kilichoanza kumeng'enywa. Mbwa anayecheua hainui mgongo wala hakazi tumbo. Huinamisha kichwa tu na chakula, povu au maji hutoka karibu bila juhudi, mara nyingi dakika chache baada ya kula, baada ya kukimbia au baada ya kusisimka kwa kumwona mgeni. Kutapika huelekeza uchunguzi kwenye tumbo, utumbo, ini, kongosho na figo, na kucheua huuelekeza kwenye umio na njia ya hewa. Siku hizi karibu kila simu ina kamera, na video ya nusu dakika ya tukio lenyewe humfaa daktari kuliko maelezo marefu ya mdomo.

Kucheua kuna hatari ambayo kutapika kwa kawaida hakuna kwa kiwango hicho, nayo ni nimonia ya kupaliwa, yaani maambukizi ya mapafu yanayotokea chakula au asidi inapoteleza na kuingia katika bomba la hewa. Buldogi aliyekuwa akicheua kwa miezi, ambaye ghafla anapata homa, anakataa chakula na kupumua kwa haraka hata akiwa amelala, anastahili kufikishwa hospitalini siku hiyohiyo. Usingizi nao ni dirisha la kuitazama njia ya hewa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania wakiongozwa na Joan Hendricks walionyesha mwaka 1987 kwamba buldogi wa Kiingereza hupatwa na apnea, yaani kukatika kwa pumzi usingizini, kwa namna inayofanana na ya binadamu. Mbwa anayelala akiwa ameketi, au aliyeegemeza kidevu juu ya mto au ukingo wa kiti ili koo linyooke, anatafuta hewa, hata kama picha yake inawachekesha wanaoiona.

Hata hivyo, itakuwa kosa la upande wa pili kudhani kwamba kila taabu ya tumbo la buldogi huanzia puani. Buldogi ni mbwa kama mbwa wengine, na minyoo ya safura, minyoo ya mviringo, vijidudu vya giadia na virusi vya pavo haviulizi nasaba. Virusi vya pavo, vilivyojitokeza duniani mwaka 1978, bado huua watoto wa mbwa wasiochanjwa kwa kuhara damu na kukaukiwa maji, na mtoto wa buldogi mwenye dalili hizo hapaswi kusubiri hadi kesho kwa matumaini kwamba ni tumbo laini tu. Upimaji wa kinyesi ni kipimo cha bei nafuu, na mara nyingi hurukwa kwa haraka ya kubadilisha chakula au kununua vidonge.

Yakishaondolewa hayo, na kuhara kukaendelea kwa zaidi ya wiki tatu, daktari huanza kufikiria ugonjwa sugu wa utumbo, ambao ni jina la jumla la uvimbe wa kudumu wa kuta za utumbo usio na chanzo kimoja kinachoonekana. Ugonjwa huu huainishwa kwa kutazama kinachoutuliza: kundi kubwa hutulia kwa kubadilishiwa chakula, na kundi dogo huhitaji dawa za kupunguza nguvu ya kinga ya mwili. Kipimo cha vitamini B12 katika damu husaidia sana hapa, kwa kuwa vitamini hiyo hufyonzwa sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, na upungufu wake huonyesha kwamba sehemu hiyo imeathirika. Upungufu usiporekebishwa, matibabu mengine nayo husuasua. Upo pia ugonjwa mmoja ambao buldogi wa Kifaransa, pamoja na boksa, huupata kuliko aina nyingine, nao ni uvimbe wa utumbo mpana unaosababishwa na bakteria wa E. koli wanaojificha ndani ya seli za ulinzi za mwili, jambo lililobainishwa na kundi la Kenneth Simpson wa Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 2006. Mgonjwa wake kwa kawaida ni kijana, hunya mara nyingi kinyesi chenye damu na ute, na hukonda. Ugonjwa huo hutibika kwa antibiotiki maalumu, lakini bakteria wake wamekuwa sugu mahali pengi, hivyo ni lazima kipande kidogo cha utumbo kikatwe na kuoteshwa maabara kabla ya dawa kuchaguliwa. Anayebahatisha hupoteza silaha pekee inayofaa.

Suala la antibiotiki linahitaji kusemwa kwa mkazo, kwa kuwa ndipo makosa mengi yanapofanyika. Metronidazoli, ambayo wengi huijua kwa jina la Flagyl, imekuwa ikipewa mbwa wanaoharisha kana kwamba ni dawa ya kuhara kwa ujumla, na kwa kuwa kuhara kwingi huisha kwenyewe ndani ya siku chache, dawa husifiwa kwa kazi ambayo haikuifanya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba mbwa wenye afya waliopewa dawa hiyo kwa wiki mbili walipoteza bakteria wa manufaa wa utumbo, na baadhi yao hawakuwa wamerejea katika hali ya awali hata wiki nne baada ya kuacha. Buldogi anayepewa dozi baada ya dozi kila kinyesi kinapolegea hujengewa utumbo dhaifu zaidi. Kwa kuhara kusiko na damu wala homa, chakula laini chenye mafuta kidogo kwa siku mbili tatu, maji ya kutosha na nyuzinyuzi kama isapgoli huwa na manufaa bila uharibifu huo.

Chakula ndicho eneo ambalo mwenye mbwa ana uwezo nalo mkubwa, na pia ndilo lenye uzushi mwingi. Mzio wa chakula, yaani kinga ya mwili kuikosea protini ya kawaida na kuishambulia, hutokea kwa buldogi na mara nyingi huonekana tumboni na kwenye ngozi kwa pamoja: masikio mekundu, miguu inayolambwa mchana na usiku, na kinyesi kisichotulia. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba vyakula vinavyotajwa mara nyingi kusababisha mzio kwa mbwa ni nyama ya ng'ombe, maziwa na bidhaa zake, kuku, na ngano, kwa mpangilio huo. Hakuna kipimo cha damu, mate wala nywele kinachoaminika kuutambua mzio huo, ingawa vipo vinavyouzwa kwa bei kubwa. Njia pekee inayotegemewa ni jaribio la kuondoa vyakula: mbwa hulishwa protini moja ambayo hajawahi kuila, au chakula maalumu ambacho protini yake imevunjwavunjwa kiasi kwamba kinga haiitambui, kwa wiki nane bila kuonjeshwa kitu kingine chochote, kisha chakula cha zamani hurudishwa ili kuona kama dalili zitarejea. Tumbo kwa kawaida huonyesha nafuu ndani ya wiki mbili za mwanzo, ngozi huchukua muda mrefu zaidi. Jaribio hili hufeli kwa sababu moja kuliko nyingine zote, nayo ni huruma ya wanakaya: kipande cha mkate kutoka kwa mtoto, mfupa kutoka kwa mlinzi, chapati kutoka kwa mgeni, na wiki sita za uvumilivu huwa zimepotea.

Katika Afrika Mashariki, ambako buldogi wanafugwa zaidi katika miji mikubwa, mlo wa mbwa wengi hujengwa juu ya ugali wa unga au pumba za mahindi pamoja na dagaa au mabaki ya nyama, na kwa hiyo swali la chakula hapa lina sura yake. Mahindi yenyewe humeng'enywa na mbwa yakipikwa vizuri, lakini mlo huo ukiachwa bila kusawazishwa hupungukiwa protini na kuwa na uwiano mbaya wa kalsiamu na fosforasi, upungufu unaomwumiza zaidi mtoto wa buldogi ambaye mifupa yake ina kasoro tayari. Hatari kubwa zaidi ni sumukuvu, yaani sumu inayozalishwa na ukungu unaoota katika nafaka zilizohifadhiwa na unyevu. Kenya inaijua sumu hiyo kwa uchungu, kwani mwaka 2004 watu 125 walifariki katika mikoa ya mashariki baada ya kula mahindi yaliyochafuliwa, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhuriwa nayo haraka. Unga au pumba zilizokataliwa jikoni kwa kuwa na harufu ya ukungu hazifai kupelekwa bandani. Mbwa anayetapika, anayekataa chakula na ambaye weupe wa macho umegeuka manjano huenda ini lake limeshapigwa na sumu hiyo. Mifupa iliyopikwa, ambayo huvunjika kuwa vipande vikali, vitunguu, na mafuta ya kukaangia yaliyobaki, ambayo huweza kuwasha kongosho, navyo havina nafasi katika bakuli la buldogi.

Namna ya kulisha ina uzito sawa na kinacholishwa. Milo midogo mitatu au minne kwa siku huacha tumbo likiwa jepesi kuliko mlo mmoja mkubwa; bakuli lenye vizuizi ndani humlazimisha mbwa ale polepole na kumeza hewa kidogo; na kupumzika kabla na baada ya kula huzuia kule kuhema kunakovuta asidi. Kola ya shingoni ibadilishwe kwa mkanda wa kifuani, ili kamba isibane koo ambalo tayari ni finyu. Unene ndio adui wa yote haya: mafuta yanayojazana kooni na kuzunguka kifua hubana njia ya hewa, na mafuta ya tumboni husukuma tumbo juu kuelekea kiwambo, kwa hiyo buldogi ambaye mbavu zake hazipapasiki anabeba mzigo mara mbili. Kupunguza uzito kunaweza kumpa mbwa nafuu ambayo vidonge havikuweza kuileta, na hakuna gharama ndani yake isipokuwa nidhamu ya anayemlisha.

Joto linahitaji tahadhari ya pekee katika miji ya pwani kama Mombasa na Dar es Salaam. Mbwa hupoa kwa kuhema, na buldogi hana nafasi ya kuhema vizuri, jambo ambalo utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2020 ulilipima: buldogi wa Kiingereza walionekana kuwa na uwezekano wa kupatwa na kiharusi cha joto karibu mara 14 ya ule wa labrado, katika nchi ambayo jua lake haliwezi kulinganishwa na la Pwani yetu. Kiharusi cha joto pia huharibu utando wa utumbo, na kuhara damu baada ya mbwa kuzimia kwa joto ni dalili ya hatari kubwa. Matembezi yawe alfajiri au usiku, na mbwa aliyezidiwa amwagiwe maji ya kawaida na kupepewa akiwa njiani kupelekwa kwa daktari.

Upande wa dawa, omeprazoli hupunguza asidi, sukralfati hufunika vidonda vya umio, na dawa za kuharakisha mwendo wa tumbo kama vile sisapridi husaidia chakula kushuka. Zote hutolewa kwa kipimo cha uzito wa mbwa na maelekezo ya daktari. Dawa za maumivu za binadamu, hasa diklofenaki na ibuprofeni zinazopatikana kwa urahisi katika kila duka la dawa, zinaweza kutoboa tumbo la mbwa na kuua figo zake, na hazipaswi kupewa mbwa kwa hali yoyote. Lakini dawa za tumbo pekee hazifungui pua. Pale ambapo dalili za kupumua ni za wastani au kali, upasuaji wa kupanua tundu za pua na kufupisha kaakaa laini hushughulikia chanzo, na kundi la Poncet lilionyesha katika chapisho la mwaka 2006 kwamba mbwa waliofanyiwa upasuaji huo huku wakitibiwa tumbo walipata matokeo mazuri. Mbwa wengi huacha kucheua au hupunguza sana baada ya njia ya hewa kufunguliwa, na wachache wenye ngiri kubwa huhitaji upasuaji wa pili wa kiwambo. Nusukaputi kwa buldogi ina hatari zake, kubwa zaidi ikiwa saa za kuamka, hivyo kazi hii ifanywe na daktari mwenye uzoefu, vifaa vya oksijeni na mtu wa kumkeshea mgonjwa.

Maradhi mengine ya buldogi hugusana na mmeng'enyo kwa njia zisizotarajiwa. Baadhi ya buldogi wa Kiingereza hurithi mabadiliko katika kinasaba cha SLC2A9 yanayofanya mwili utoe asidi ya uriki nyingi katika mkojo, asidi inayoganda kuwa mawe ya kibofu. Kwa mbwa hao maini na figo, vyakula vinavyosifiwa kwa kuongeza damu, ni hatari kwa kuwa vina purini nyingi ambazo ndizo malighafi ya asidi hiyo. Mkia uliojipinda, unaohusishwa na kasoro ya kinasaba cha DVL2 iliyotambuliwa mwaka 2018, huacha mfuko wa ngozi ambamo unyevu na uchafu wa kinyesi laini hukaa na kuoza, hivyo mbwa anayeharisha mara kwa mara huishia kuwa na kidonda chini ya mkia pia. Mikunjo ya uso nayo huhitaji kusafishwa na kukaushwa mara kwa mara, kila siku ikibidi.

Ukubwa wa tatizo zima umepimwa. Chuo cha Royal Veterinary College cha London kilichapisha mwaka 2022 uchambuzi wa rekodi za kliniki uliokuta kwamba buldogi wa Kiingereza wana uwezekano mara mbili zaidi wa kuwa na angalau ugonjwa mmoja kwa mwaka kuliko mbwa wengine, na kwamba asilimia 9.7 tu ya buldogi waliochunguzwa walikuwa na umri wa zaidi ya miaka 8, dhidi ya asilimia 25.4 ya mbwa wengine. Chuo hichohicho kilikuwa kimeonyesha mwaka 2012 kwamba asilimia 58 ya watu waliofuga mbwa wenye dalili za wazi za kuziba kwa pumzi walisema mbwa wao hawana tatizo la kupumua. Takwimu hii ya pili inatisha kuliko ya kwanza, kwani inamaanisha kwamba mgonjwa anaweza kuishi ndani ya nyumba ya watu wanaompenda kwa dhati bila yeyote kumpeleka kutibiwa.

Mataifa kadhaa yamejaribu kulikabili jambo hili kwenye chanzo. Baada ya filamu ya uchunguzi ya BBC ya mwaka 2008 kuhusu afya ya mbwa wa nasaba, Kennel Club ilirekebisha mwaka 2009 maelezo ya umbo la buldogi. Mwaka 2019 ikaanza, pamoja na Chuo Kikuu cha Cambridge, utaratibu wa kuwapima mbwa pumzi baada ya mazoezi mafupi na kuwapa daraja kutoka 0 hadi 3. Uholanzi ina kanuni ya mwaka 2014 inayokataza kuzalisha wanyama wenye maumbile yanayowaumiza, na mwaka 2019 ilitoa vigezo vya kupima urefu wa pua kwa kuulinganisha na fuvu. Nchini Norway mahakama ya wilaya ya Oslo ilipiga marufuku uzalishaji wa buldogi wa Kiingereza Januari 2022, ingawa mahakama ya rufaa iliitengua sehemu hiyo ya hukumu baadaye mwaka huohuo. Hatua hizi zinakwenda polepole kwa sababu soko linakwenda kinyume chake, na soko hilo ni mnunuzi.

Kwa hiyo anayekusudia kununua buldogi, Nairobi au kwingineko, na adai kumwona mama wa watoto hao akitembea kwa dakika tatu mfululizo, asikilize kama anakoroma akiwa macho, atazame kama tundu zake za pua ziko wazi, aulize waziwazi iwapo mama au baba amewahi kucheua au kufanyiwa upasuaji wa pua, na muuzaji akijibu kwamba hiyo ni kawaida ya buldogi, aondoke bila kununua.